Kabla Hujapima Tena: Mambo ya Kuweka Sawa Ili Jibu la Hasi Uliamini

Kama tukio linalokutia hofu halijafikisha saa 72, acha kusoma hapa uende hospitali sasa hivi, hata kama ni usiku. Kuna dawa za kuzuia maambukizi ya VVU kwa mtu aliyekuwa hatarini, wengi wanaziita PEP. Humezwa kwa siku 28, na hufaa tu zikianzwa ndani ya saa hizo 72. Kadiri unavyowahi ndivyo zinavyokukinga vizuri zaidi. Kama uko Dar es Salaam kama mimi, nenda Amana, Temeke, Mwananyamala au Muhimbili, useme umekuja kwa ajili ya PEP. Hutalazimika kusimulia mengi.

Wengine, ambao siku hizo zimeshapita, majibu mnayo na yanasema hasi lakini moyo umekataa kutulia, haya ni yenu.

Nilipima mara nne kwa tukio moja. Kondomu ilipasuka, basi. Nilikuwa naishi Tandika, lakini kupima nilikwenda Tegeta, nikaenda Kimara, nikavuka na kivuko hadi Kigamboni, mradi nisikutane na mtu anayenifahamu. Kote huko jibu lilikuwa hasi. Amani ilidumu siku mbili tatu, kisha asubuhi moja najitazama ulimi kwenye kioo, naona utando mweupe, naanza upya. Safari ya tano nilimkuta mshauri nasaha mmoja, mama mtu mzima, miwani ameining'iniza kifuani kwa kamba. Hakugusa sindano. Aliniuliza, "Mwanangu, tukio lilikuwa tarehe ngapi?" Nikamjibu, "Kama mwezi wa tatu hivi, mama." Akatikisa kichwa. "Hiyo 'kama' haitusaidii. Nataka tarehe."

Sikuwa nayo. Nimezunguka jiji zima kupima bila kujua nahesabu kuanzia wapi.

Kwa hiyo kabla ya kitu kingine chochote, tafuta tarehe na uiandike. Mimi niliipata palepale kwenye simu, kwenye ujumbe wa muamala niliomlipia bodaboda usiku ule: Machi 9. Wewe huenda utaipata kwenye picha, au utakumbuka kwamba ilikuwa siku ya mechi ya Simba na Yanga. Kama matukio ni zaidi ya moja, chukua la mwisho. Mama yule aligeuza karatasi yangu moja ya majibu, akaandika tarehe mgongoni kwa kalamu ya bluu, akahesabu siku 90 mbele: Juni 7. Halafu akaniomba karatasi zote, akazipanga mezani kwa kufuatana. "Hii ya kwanza ni ya siku ya kumi na mbili, haikuwa inajua kitu. Hii ya pili, mwezi mmoja, inatia moyo. Hii ya tatu ni Juni 12, imemaliza kesi. Hii ya nne ulikuja kupima woga." Akaniuliza kama tangu Machi nimekutana na mtu mwingine. Nikasema hapana. Akanirudishia karatasi zangu. Siku ile sikutobolewa kidole.

Alichokuwa anahesabu ndicho wataalamu wanachokiita kipindi cha dirisha. Kipimo cha haraka cha kutoboa kidole hakimtafuti kirusi mwenyewe, kinawatafuta askari ambao mwili huwatengeneza kupambana naye, yaani kingamwili. Askari hao hawatokei kesho yake. Kwa watu walio wengi huonekana kwenye kipimo hiki kati ya siku ya 23 na ya 90. Damu ya mshipa ikipelekwa maabara kwa kipimo kinachotafuta kingamwili pamoja na kipande cha kirusi, muda hupungua hadi kati ya siku 18 na 45. Kipo pia kinachotafuta vinasaba vya kirusi, ambacho huweza kumwona kati ya siku ya 10 na ya 33, ila hicho si cha kukikuta kila zahanati. Ukishavuka miezi mitatu kamili bila tukio jipya, hasi ya kipimo cha kawaida, kilichofanywa sawasawa, ni jibu la mwisho.

Najua mtaani bado utaambiwa miezi sita. Kauli hiyo haikutungwa na waongo. Ni ya enzi za vipimo vya kizamani vilivyochelewa kuwaona askari hao. Vipimo vilibadilika, kauli ikabaki vijiweni. Ukiwa na hofu utaikumbatia kwa sababu inakupa ruhusa ya kuteseka miezi mitatu zaidi.

Kuna watu ambao hesabu yao ni tofauti, na hawa nawaomba wasiwe na haraka ya kuiamini hasi. Aliyemeza PEP aanze kuhesabu miezi mitatu siku alipomaliza kidonge cha mwisho, kwa kuwa dawa zinaweza kuchelewesha askari kuonekana. Anayetumia PrEP, yaani dawa za kujikinga na VVU zinazotumiwa kabla ya tukio, afuate ratiba ya kliniki yake. Na yule ambaye mwenza wake alipimwa kliniki ya wajawazito akakutwa salama, naye akajihesabu kapima, huyo hajapima kabisa. Jibu la mkeo ni la mkeo.

Jambo la pili la kuliweka sawa kabla ni kujua unapimwa nini. Hapa ndipo ninapoona watu wengi wa jiji hili wakidanganyika bila mtu kukusudia kuwadanganya. Mtu anasema "nimepima kila kitu", kumbe amepimwa VVU, pengine na kaswende. Kisonono na klamidia, kwenye vituo vyetu vingi vidogo, hutibiwa kwa dalili: una usaha, unaungua ukikojoa, unapewa dawa, bila maabara kuthibitisha. Asiye na dalili hapimwi, na wanawake wengi wenye maambukizi hayo hawana dalili yoyote. Kipimo cha kawaida cha mkojo kinachokupa jibu la "UTI" hakitafuti klamidia. Nimekutana na dada waliobeba neno "UTI sugu" miaka miwili, na hakuna aliyewahi kuwapima hicho kingine. Kwa hiyo ukifika, uliza kwa majina: kaswende mnapima? Kisonono? Klamidia? Homa ya ini B? Wasipokuwa nacho watakuelekeza hospitali kubwa au maabara yenye kipimo hicho. Muda wake pia unatofautiana. Kisonono na klamidia subiri wiki mbili hivi. Kaswende huchukua wiki kadhaa, kwa hiyo rudia ile ya miezi mitatu pamoja na VVU. Homa ya ini B ndiyo ambayo daktari anaweza kukurudisha hata miezi sita, na ukikutwa salama uliza chanjo yake.

Na tafadhali, usipitie duka la dawa kwanza. Kuna wanaokunywa doksi, ile antibiotiki ya doxycycline, siku tatu "kujisafisha" ndipo wanakwenda kupima. Dawa hizo hazifichi VVU, lakini zinaweza kumpunguza mdudu wa kisonono au klamidia asionekane kwenye kipimo bila kummaliza. Hapo umejitengenezea hasi ambayo kweli si ya kuamini. Kama umeshakunywa, mwambie mhudumu ulikunywa nini na lini.

Vitu vingine havina athari kwenye kipimo cha VVU cha damu: umekula au hujala, una mafua, umekunywa bia jana, una malaria. Nenda tu.

Ukiwa mbele ya mhudumu, tazama kipimo chako kikifanyika. Si kwa kumtilia shaka. Ni haki yako, na kitu ulichokiona kwa macho yako ni vigumu kukitilia shaka usiku. Kuna mstari unaojitokeza penye herufi C. Huo unathibitisha kwamba kipimo kimefanya kazi. Ukiwa peke yake, ni hasi. Usipotokea kabisa, kipimo kimeharibika na kinarudiwa kwa kingine, bila kujali mstari mwingine. Jibu husomwa ndani ya muda ulioandikwa kwenye maelekezo. Nasisitiza hili kwa wale wanaojipima nyumbani, jambo lililoruhusiwa kisheria hapa kwetu mwaka 2019. Kile cha mate husomwa baada ya dakika 20, na kikishapita dakika 40 kitupe. Usikitoe kwenye pipa saa saba usiku ukimulika kwa tochi ya simu kutafuta kivuli cha mstari. Kipimo kikikauka kinaweza kuonyesha alama isiyo na maana. Na kipimo cha nyumbani kikisema chanya, hilo nalo si jibu la mwisho mpaka kituo kithibitishe.

Swali lililonitesa mimi kuliko yote lilikuwa hili: mbona jirani yangu kwenye foleni alipimwa kwa vipimo viwili, mimi kimoja? Niliona nimepunjwa. Nikaja kuelezwa kwamba ndio utaratibu wenyewe. Kipimo cha kwanza huchaguliwa kwa sababu ni kikali cha kunusa, hata kikimshuku asiye nacho. Kikisema hasi, kazi imeisha. Kikishtuka ndipo cha pili huletwa kuhakikisha. Kwa hiyo kupimwa mara moja tu ilikuwa habari njema, na hakuna aliyenieleza siku ile. Shirika la Afya Duniani linataka vipimo hivi vya haraka viweze kuwatambua watu wenye VVU kwa angalau asilimia 99, na pengo dogo linalobaki ndilo unaloliziba kwa kusubiri siku zako zitimie.

Sasa upande wa moyo, ambao ndio ulionirefushia mimi safari. Kabla ya kwenda kupima, panga ni kipimo kipi kitakuwa cha mwisho, kiandike pamoja na tarehe yake, na umwambie mtu mmoja unayemwamini. Usipange ukiwa umeshapata jibu. Wakati huo hofu ndiyo itakayopanga. Mimi nilichelewa, nilimwambia kaka yangu mkubwa nilipotoka kwa mama yule. Nilidhani atanihukumu. Aliuliza tu, "Ile ya Juni 12 ndiyo ya mwisho? Sawa mdogo wangu, kuanzia leo ukiniambia unakwenda tena nakuzuia." Na alinizuia kweli, mara mbili.

Orodhesha pia dalili unazozihesabu, halafu kila moja jiulize kama haina sababu nyingine. Jasho usiku, hapa Dar, mwezi wa pili, umeme umekatika na feni imezima? Homa, kabla hujapima malaria? Moyo kwenda mbio, tumbo kuvurugika, usingizi kukatika, kukonda kwa kukosa hamu ya kula, ganzi za vidole: haya yote hofu peke yake inaweza kuyaleta. VVU havitambuliki kwa dalili. Watu wengi huambukizwa wasijisikie chochote, na wengi wenye kila dalili ya kwenye simu hawana kitu. Kama dalili ipo kweli na haiondoki, mpelekee daktari akutafutie chanzo chake. Usiifanye sababu ya kutobolewa kidole kwa mara ya sita.

Tarehe 14 Julai 2007 Rais Kikwete na Mama Salma walipima hadharani Mnazi Mmoja, na tangu siku zile nchi hii imefundishwa kwa bidii kwenda kupima. Imefaa sana. Kuyapokea majibu hatukufundishwa kwa bidii ileile, na ndiyo maana naandika.

Jiandae vilevile kwa jibu lingine, hata kama liko mbali. Ukimwogopa sana chanya hutaweza kumwamini hasi. Tangu 2016 utaratibu wetu ni kwamba anayekutwa na VVU anaanzishiwa dawa bila kusubiri kinga ishuke, bila malipo katika vituo vya serikali, na walio wengi humeza kidonge kimoja kwa siku. Anayezimeza sawasawa hadi virusi visionekane kwenye kipimo haambukizi mwenza wake kwa ngono. Mimi kujua hayo kulinipunguzia woga kuliko hasi zote nne.

Na kama miezi mitatu imepita, umepima uliyopaswa kupima, hujawa na tukio jipya, bado unaamka usiku kujishika tezi za shingo, basi kilichobaki ni hofu yenyewe. Nayo inatibika. Usirudi maabara. Muhimbili wana idara ya afya ya akili, na hata daktari wa hospitali iliyo karibu nawe anaweza kukuanzia. Ukifika dirishani huna haja ya kueleza tukio. Sema: "Nina hofu ya ugonjwa ambao vipimo vimeshasema sina, na inaninyima usingizi." Watakufungulia faili.