Somo: Kupanga chumba Magomeni, hatua kwa hatua

Magomeni ipo pale Barabara ya Morogoro inapokutana na Kawawa. Mwendokasi ukitoka Kivukoni au Gerezani unapita Jangwani kisha unaingia Magomeni, na tawi la Morocco linachepukia hapo hapo. Kariakoo unaweza kwenda hata kwa miguu ukiwa na afya. Kwa mtu anayefanya kazi mjini na kipato chake ni cha kawaida, ni maeneo machache ya Dar es Salaam yanayoizidi kwa nafasi.

Somo hili linahusu hasa zile nyumba za Kiswahili: korido katikati, vyumba vitatu kila upande, uani kuna choo, bafu, sehemu ya kufulia na mara nyingi vyumba vya nyongeza. Ni humo ndimo chumba cha bei nafuu kinapopatikana. Ila kodi unayotajiwa ni sehemu tu ya gharama. Sehemu nyingine imejificha kwenye LUKU (umeme wa kulipia kabla) ya pamoja, kwenye maji, kwenye choo na kwenye jina la mtu anayepokea hela yako.

Hatua ya 1: Jua kama uko juu au bondeni

Kabla ya kutazama chumba, itazame ardhi. Upande unaoshuka kuelekea Mto Msimbazi, yaani Suna, sehemu ya chini ya Mzimuni, Kigogo na Jangwani, hupata mafuriko. Desemba 2011 maji yaliingia mpaka madirishani na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Mvua kubwa ikinyesha, barabara ya Jangwani hufungwa na mwendokasi husitishwa, hivyo hata wewe unayekaa juu panga njia mbadala ya kwenda mjini kwa siku hizo.

Dalali hatakuambia kwamba nyumba huingiwa na maji. Ukuta utakuambia. Chuchumaa utazame sentimita 50 za chini, hasa nyuma ya mlango na kwenye kona ambako roli la rangi halifiki vizuri. Unga mweupe unaochipuka, rangi iliyovimba kama malengelenge, hizo ni dalili za unyevu unaotoka chini; mstari ulionyooka unaozunguka chumba kizima kwa kimo kimoja ni maji yaliyosimama. Unyevu wa paa linalovuja huanzia juu na hushuka bila mpangilio. Kisha bonyeza kwa ufunguo chini ya fremu ya mlango. Mbao ikibonyea, imelowa mara nyingi. Rangi mpya iliyopakwa kuanzia magotini kwenda chini peke yake ni sababu ya kuuliza majirani, na si majirani wa nyumba hiyo, bali wa nyumba ya tatu au ya nne.

Hatua ya 2: Dalali

Ujira uliozoeleka ni kodi ya mwezi mmoja, unalipwa baada ya kusaini mkataba, si kabla. Pesa ya kuonyeshwa chumba ni jambo la kupatana: ikiwa lazima utoe, toa mara moja kwa vyumba vyote vya siku hiyo. Uliza pia swali hili mapema: "Kodi hii ni aliyoitaja mwenye nyumba mwenyewe?" Ukikutana naye, mtajie kiasi hicho dalali akiwepo.

Fanya hesabu ya kuingia mapema. Tuseme kodi ni 100,000 kwa mwezi na mwenye nyumba anataka miezi sita. Hiyo ni 600,000, udalali 100,000, kisha kirikuu (gari dogo la mizigo) cha kuhamisha vyombo, kitasa, balbu na mchango wa kwanza wa umeme na maji. Mwenye laki sita mfukoni bado hajafikisha.

Hatua ya 3: Nenda mara mbili, saa tofauti

Saa 12 asubuhi utaona foleni ya choo na bafu. Kwenye nyumba ya vyumba vinane, wengi wakiwa ni watu wa kuwahi kazini, foleni hiyo ndiyo itakayoamua unaamka saa ngapi. Saa 3 usiku utasikia baa ya jirani, mashine ya kusaga, karakana ya kuchomelea vyuma. Magomeni kuna shughuli, na mtaa wenye kelele kwa mwingine hauna tatizo, lakini ujue kabla hujalipa.

Hatua ya 4: Umeme

Hapa ndipo wapangaji wengi hugombana, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Uliza mita inahudumia vyumba vingapi, kisha uombe namba ya mita na uone risiti ya LUKU ya karibuni. Kwenye kiwango cha kawaida cha matumizi ya jumla, 10,000 hutoa takriban uniti 28. Ikitoka chini ya hapo, soma makato. Kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU tangu 2021, na kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa ni 1,500 kwa mwezi tangu 2023, kwa hiyo manunuzi ya kwanza ya mwezi hutoa takriban uniti 24 tu kwa 10,000 ile ile. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Patana naye tangu mwanzo kwamba wapangaji wakiilipa kwenye umeme, inapunguzwa kwenye kodi ya pango. Ukikuta makato makubwa zaidi, huenda mita ina deni, na hilo limalizwe kabla hujaingia.

Sasa mgawanyo. Feni ya wati 70 ikizunguka saa 10 inakula uniti 0.7. Runinga ya wati 50 kwa saa 6 ni 0.3. Friji dogo kwa kawaida hukaribia uniti moja kwa siku, yaani 30 kwa mwezi, ambazo ni kama 10,700. Nyumba ikichangishana 5,000 kila chumba sawasawa, asiye na friji anamlipia mwenye nalo, na mwezi wa pili maneno yanaanza. Dawa ya kudumu ni sabmita, yaani mita ndogo, kwa kila chumba, ifungwe na fundi umeme baada ya mita kuu. Mita ya TANESCO (shirika la umeme) yenyewe na lakiri zake haziguswi na mtu yeyote.

Hatua ya 5: Maji na choo

Bomba la DAWASA (mamlaka ya maji ya Dar es Salaam) likiwepo uani haina maana maji yapo. Uliza yanatoka siku zipi na kama presha inapandisha mpaka kwenye simtanki. Watu watatu wakitumia ndoo 10 za lita 20 kwa siku, hizo ni lita 200. Maji yakikatika siku nne, unahitaji lita 800 zako peke yako. Pima na ukubwa wa simtanki ukigawa kwa vyumba vyote, uone kama utahitaji pipa lako. Bili isomwe kwa uniti: uniti moja ni lita 1,000, sawa na ndoo 50.

Choo: uliza kilinyonywa lini na gharama ya gari la majitaka inalipwa na nani. Sehemu za chini maji ya ardhini yako juu, shimo hujaa haraka wakati wa masika, na kilichokuwa cha kunyonywa mara moja kwa mwaka kinadai mara tatu.

Hatua ya 6: Nani anapokea hela

Nyumba nyingi za Magomeni ni za zamani, na aliyejenga ameshafariki. Nyumba imebaki ya watoto sita, mmoja anakaa hapo, wengine wako Mbagala au Tanga. Anayekupokea kwa tabasamu huenda ni mmoja tu kati yao. Omba kuona barua ya mahakama inayomteua msimamizi wa mirathi, jina lilingane na kitambulisho cha taifa (NIDA) cha anayesaini. Akisema "sisi hatuna mambo hayo, ni nyumba ya baba", basi wasaini ndugu angalau wawili, mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Hela ipite benki au kwenye simu, kwa jina lile lile lililo kwenye mkataba.

Hatua ya 7: Mkataba

Nakala mbili, mhuri wa serikali ya mtaa, mashahidi wa pande zote. Ndani yake: kodi na tarehe ya kuanza na kuisha, idadi ya watakaoishi, mgawanyo wa umeme, maji, taka na choo, nani anatengeneza paa na nani kitasa, notisi ya angalau mwezi mmoja, na kifungu hiki ambacho wengi hukiacha: nyumba ikiuzwa au kuvunjwa kabla ya muda, mpangaji anarudishiwa kodi ya miezi iliyobaki kabla ya kutoka. Magomeni viwanja vinatafutwa na wajenzi wa maghorofa. Kifungu hicho kitakufaa.

Hatua ya 8: Siku za kwanza

Badilisha kitasa siku unayoingia. Piga picha kuta, dari, madirisha na namba iliyo kwenye sabmita. Jitambulishe kwa mjumbe na ofisi ya mtaa uandikishwe, maana barua ya utambulisho utaihitaji benki na kwingineko, na haitolewi kwa mtu ambaye hajulikani.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shukrani kwa somo, mkuu. Mwenye nyumba anang'ang'ania kodi ya mwaka mzima. Hakuna sheria ya kumzuia?

Jibu: Sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa 2005, hivyo mnachokubaliana kwenye mkataba ndicho kinachowaongoza. Usimbishie kwa sheria, mpe sababu. Chumba kilichokaa wazi miezi miwili kimemkosesha kodi ya miezi miwili. Mwambie utalipa miezi sita leo na kwamba mitatu inayofuata utailipa mwezi mmoja kabla ya muda kuisha, na iandikwe. Wengi hukubali.

Swali: Tuna sabmita, vyumba sita. Tukijumlisha zote tunapata uniti 138, lakini mita kuu imekula 150. Nani kaiba?

Jibu: Huenda hakuna aliyeiba. Taa za korido, uani na chooni hazipiti kwenye sabmita ya mtu. Balbu nne za wati 9 zikiwaka saa 11 kila usiku zinafika karibu uniti 12 kwa mwezi, na hizo ndizo uniti 12 zenu. Gawaneni kwa sita, uniti mbili kila chumba. Tofauti ikivuka 20, zimeni meini swichi ya kila chumba na taa zote za pamoja, muitazame mita kuu. Ikiendelea kuhesabu, kuna waya umechepushwa au umeme unavuja. Iteni fundi siku hiyo hiyo, kwani umeme unaovuja kwenye ukuta wenye unyevu unaua.

Swali: Kaka yake mwenye nyumba amekuja anadai kodi upya, anasema mdogo wake hakuwa na haki ya kupokea. Nimeshalipa miezi sita.

Jibu: Usilipe mara ya pili. Peleka mkataba na ushahidi wa malipo kwa mwenyekiti wa mtaa, uwaombe wote wawili waitwe. Ugomvi wa mirathi ni wao, wewe simamia karatasi yako. Kama ulilipa mkononi bila risiti, mtafute shahidi aliyesaini mapema, kabla ndugu hawajapatana.

Swali: Nyumba imeuzwa, mnunuzi kanipa siku saba. Mkataba wangu una miezi minne mbele.

Jibu: Mjibu kwa maandishi, ukiambatanisha nakala ya mkataba, na ubaki na nakala iliyosainiwa na aliyeipokea. Wengi hapo huanza kuzungumza habari ya kurudisha kodi. Asipoelewa, nenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ndilo lenye mamlaka kwa migogoro ya pango. Akifunga mlango kwa kufuli au kutoa vyombo nje, ripoti siku hiyo hiyo serikali ya mtaa na polisi.

Swali: Dada hapa. Nimeona masta ya uani, nzuri, ina choo chake ndani, lakini dirisha linatazama ukuta wa jirani kwa nafasi ya mkono mmoja. Nichukue?

Jibu: Dada, ingia saa 9 alasiri, funga mlango, ukae humo robo saa. Joto la Januari hadi Machi kwenye chumba cha bati kisicho na dari halitolewi na feni, inazungusha tu hewa ile ile. Ukipata dirisha la pili au tundu la hewa juu ya mlango, na dari, chukua. Bila hivyo mwombe mwenye nyumba aweke dari kabla hujalipa, au gharama yake ikatwe kwenye kodi, na iandikwe kwenye mkataba.