Mbogo aliyejeruhiwa akiingia kichakani: hatua kwa hatua

Somo hili ni la wenye vibali wanaowinda upande wa Manyoni na Itigi, kuelekea mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi. Nazungumzia mbogo peke yake, kwa sababu ajali zake nyingi zina mwanzo mmoja: risasi ya kwanza inampata vibaya, anaingia kichakani, watu wanamfuata upesi.

Dume lina kilo 600 hadi 800 hivi na hukimbia karibu kilomita 55 kwa saa. Mita 30 anazimaliza kwa sekunde mbili. Kwenye vichaka vya Itigi macho yanafika mita tano, pengine kumi. Piga hesabu mwenyewe. Kila uamuzi lazima uwe umeshafanyika kabla hajatokea.

1. Kabla ya kufyatua. Bunduki iwe kaliba .375 kwenda juu. Beba kifuko cha kitambaa chenye majivu. Kitikise uone upepo unaelekea wapi, na urudie kila upepo unapogeuka. Usipige mbogo aliyesimama mbele ya wenzake, risasi hupita ikamjeruhi wa nyuma bila wewe kujua. Moyo wake uko chini kifuani: akiwa amekupa ubavu, panda na mstari wa mguu wa mbele mpaka theluthi ya chini ya mwili, hapo ndipo. Anayelenga nyuma ya bega huishia kupiga tumbo, na mbogo wa tumbo ndiye anayeua watu. Akibaki amesimama, ongeza ya pili na ya tatu papo hapo. Usionee risasi uchungu.

2. Baada ya mlio. Baki hapohapo. Jaza risasi, nyamaza, sikiliza. Mlio mrefu wa kuguna kutoka kichakani mara nyingi ni wa kukata roho, lakini usiutegemee peke yake. Subiri dakika 30. Aliyepigwa mapafu atakuwa amekufa; aliyepigwa kwingine atalala, damu itamtoka na nguvu zitapungua. Jua likiwa linazama, rudini kambini mje asubuhi. Ndiyo, fisi wanaweza kula nyama. Waache wale.

3. Soma damu. Nyekundu ya waridi yenye povu ni mapafu. Nyekundu iliyokoza sana huenda ni ini. Ikiwa na majani yaliyosagwa na harufu ya samadi, ni tumbo: ongezeni muda wa kusubiri.

4. Kufuatilia. Anayesoma nyayo anatazama chini, mwenye bunduki anatazama mbele na pembeni. Wote wawili wakiinamia damu, hakuna mlinzi. Bunduki zisizidi mbili, na mgawane pande kabisa, huyu kushoto, yule kulia. Mbogo aliyeumia ana tabia ya kuzunguka na kulala kando ya njia yake mwenyewe, akiwangoja wanaofuata nyayo, kwa hiyo hatari hutokea ubavuni zaidi ya mbele. Kila hatua chache simameni, mchuchumae. Majani ya vichaka vya kule yako juu. Chini ni vijiti vitupu, na ukiwa chini utaona miguu kabla ya kuona mwili. Darubini ya bunduki ishushwe kwenye ukuzaji mdogo kabisa, la sivyo utaona manyoya meusi tu bila kujua ni sehemu gani.

5. Akija. Simama. Anakuja kichwa juu, pua mbele, na huinamisha pembe mita za mwisho tu. Kichwa kikiwa juu lenga pua, risasi ielekee ubongo. Usilenge paji: shina la pembe za dume ni ngao nene. Risasi ya kifuani itamuua, ila haitamsimamisha kwa wakati. Endelea kufyatua mpaka aanguke. Anayekimbia humvuta mnyama nyuma yake na kuwazibia wenzake nafasi ya kupiga. Mti una maana ukiwa unaufikia kwa mkono na ukapanda juu ya mita tatu. Mgunga una miiba, utapanda hivyohivyo.

6. Akikuangusha. Lala kifudifudi, ubane ardhi, mikono shingoni. Penye mtaro au gogo, jisogeze hapo. Pembe zilizopinda hupata shida kunasa kitu kilicholala bapa. Wenzako wasogee ubavuni kwanza ndipo wapige, ili risasi isikupate wewe.

7. Akishalala. Mwendee kwa nyuma, ongeza risasi moja, kisha gusa jicho kwa fimbo ndefu. Likipepesa, bado yuko hai.

8. Jeraha la pembe. Paja likichanika na damu kuruka, funga mkanda mpana upande wa kiunoni, sentimita tano hadi saba kutoka kwenye jeraha, si kwenye kiungo cha goti, kaza mpaka damu ikatike, andika saa, usilegeze njiani. Usishone. Kwenye pembe zilizochimba matope kuna uchafu mwingi, na chanjo ya pepopunda inahitajika. Gari liwe limeelekezwa njia ya kutokea tangu asubuhi. Itigi ipo Hospitali ya St. Gaspar; Dodoma mjini ipo ya Benjamin Mkapa.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Gobole linafaa kwa kujihami?*
Marahaba. Halifai. Linatoa risasi moja, na kulijaza upya kunachukua muda mrefu kuliko zile sekunde mbili. Litamjeruhi tu.

*Na tukikutana naye mzima, sisi tunafuata asali tu?*
Simameni, msipige kelele. Rudini pembeni polepole bila kumzibia njia. Kundi kwa kawaida hukimbia. Madume wazee wa peke yao, wanaolala karibu na matope, ndio wa kuepuka mapema: mkiona samadi mbichi na nyayo za mnyama mmoja, badilisheni njia.

*Mbwa wanasaidia kumtafuta?*
Mbwa akifukuzwa hukimbilia kwa mwenyewe, na mbogo nyuma yake.

*Tukimkosa kabisa, inakuwaje?*
Sheria inakutaka ufanye kila linalowezekana kummaliza, na ukishindwa utoe taarifa. Nenda siku hiyohiyo kwa askari wa TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania) au afisa wanyamapori wa wilaya, ueleze alipojeruhiwa, alikoelekea na risasi ilimpata wapi. Kisha pitia kwa mwenyekiti wa kijiji cha karibu, wachunga ng'ombe na wanaokata kuni waambiwe kabla hawajatoka kesho yake.