Somo: Kuthibitisha kuwa kitu kipo bila kukionyesha

Tunataka kuthibitisha kwamba zipo namba mbili zisizo wiani, a na b, ambazo a ikipandishwa kwa kipeo b jibu lake huwa namba wiani.

Hatua ya 1. Kumbuka kwamba √2 si namba wiani, yaani haiandikiki kama sehemu ya namba nzima mbili.

Hatua ya 2. Ipandishe √2 kwa kipeo √2, kisha jibu uliite c. Ama c ni wiani, ama si wiani.

Hatua ya 3. Ikiwa c ni wiani, kazi imekwisha, kwani a na b zote ni √2. Ikiwa si wiani, ipandishe c kwa kipeo √2. Vipeo vitazidishana, navyo √2 × √2 ni 2, hivyo jibu ni (√2)², yaani 2.

Dai limethibitika, lakini hatujaambiwa ni jozi ipi. Hapo ndipo L. E. J. Brouwer, mwanahisabati Mholanzi, alipogoma. Mwaka 1908 alieleza kwamba kanuni ya "ama hivi, ama sivyo" haiwezi kutegemewa pale tunapohusika na mikusanyo isiyo na kikomo, kwa kuwa kwake kusema kitu kipo ni kuonyesha jinsi kinavyoundwa. David Hilbert, mwanahisabati Mjerumani, alijibu mwaka 1927 kwamba kumnyima mwanahisabati kanuni hiyo ni kama kumkataza bondia kutumia ngumi. Jibu hilo linachekesha, ila naona halikugusa hoja yenyewe.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, je, Brouwer alisema kanuni hiyo ni ya uongo?
Hapana. Alikataa kuitumia kabla ya upande mmoja kuthibitishwa. Kudai kwamba ipo kauli ambayo si kweli wala si uongo huleta ukinzani hata katika mantiki yake mwenyewe.

Je, c inajulikana leo?
Ndiyo, si wiani. Hilo linatokana na nadharia ambayo Gelfond na Schneider waliithibitisha mwaka 1934, kila mmoja kivyake.

Ipo jozi ambayo Brouwer angeikubali?
Ipo, na ni nyepesi kuliko nadharia hiyo. Chukua a iwe √2, na b iwe logarithi ya 9 katika kizio cha 2, yaani kipeo kinachoifanya 2 iwe 9. Jibu ni 3. Kama b ingekuwa wiani, tuseme p/q, basi 2 kwa kipeo p ingelingana na 9 kwa kipeo q, ilhali ya kwanza ni shufwa na ya pili ni witiri.