Namna ya kumpikia mgeni wa magofu Kilwa Kisiwani, na jembe likabaki mkononi

Kabla hujanunua sahani mpya wala kuandikisha kibao cha mlangoni, hesabu kwanza pesa ya mgeni inaangukia wapi. Wageni wetu wengi wanalala Kilwa Masoko, mji ulio bara ng'ambo yetu. Kibali cha magofu, ambayo siku hizi yako chini ya TAWA, mamlaka ya wanyamapori, wanakikata kulekule kabla ya kuvuka. Nauli ya chombo wanaipatana gatini. Wakishuka huku Kisiwani wanazunguka, jioni wamerudi. Kwa hiyo kinachobaki kwetu ni kile watakachokula, yule atakayewatembeza, na ukili watakaonunua. Mimi nimeshika chungu, basi naeleza habari za chungu.

Anza na maji ya bahari. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya huku hukauka kwenye saa nne asubuhi na kujaa saa kumi jioni. Wakati yamekauka, wanawake tuko mwambani tunachokoa pweza. Pweza wa saa hiyo ukimponda vizuri na kumbandika mapema, saa nane ameiva kwenye tui na mgeni anarudi kutoka magofu ya Husuni Kubwa na njaa yake. Siku za maji mafu, bahari isipokauka sana, usimwahidi mtu pweza. Nunua changu wa mtego wa dema au kolekole wa mshipi, umchome kwa makaa ya vifuu. Mgeni anayetaka kuona tunavyochokoa aambiwe mapema aje siku za bamvua, tena na viatu vya kuloa, maana urumba na miiba yake haumjui mgeni.

Pika chakula unachokula nyumbani. Wali wa nazi, samaki, kisamvu, kachumbari. Pilipili iwe pembeni. Uliza kupitia kwa nahodha jioni ya jana yake: wangapi, na nani hali samaki. Wasiokula nyama wala samaki ni wengi kuliko unavyodhani, na hao ndio wanaolipa shamba lako: kunde za nazi, muhogo, mchicha, vyote hujatoka navyo Masoko. Jirani yangu alishangaa mzungu kumaliza bakuli la muhogo na kuuliza kama upo mwingine. Maji ya kunywa yawe ya chupa zilizofungwa. Bei taja kabla moto haujawashwa, kwa kichwa, na omba nusu itumwe kwa simu, kwa sababu upepo ukichafuka chombo hakiji na wali umeshaiva.

Banda la makuti na mkeka vinatosha. Pesa ya kwanza ipeleke chooni. Nasema bila haya: mgeni husamehe wali uliogandana, choo kichafu hasamehi, na atawasimulia wenzake hotelini usiku uleule.

Wakati wa kula wataanza kuuliza, maana aliyewatembeza amewachosha na tarehe. Jua machache ya uhakika. Msikiti Mkuu ulianza karne ya 11, ukapanuliwa baadaye ukawekewa makuba. Husuni Kubwa ni jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, la karne ya 14, nalo lina birika la pembe nane. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika hapa mwaka 1331. Gereza, ile ngome, walilianza Wareno mwaka 1505, lakini jengo mnaloliona sehemu kubwa ni la Waomani. UNESCO iliyaingiza magofu haya na ya kisiwa jirani cha Songo Mnara kwenye urithi wa dunia mwaka 1981, ikayaweka katika orodha ya hatari mwaka 2004, ikayatoa humo mwaka 2014. Wakikuuliza utajiri ulitoka wapi, waambie dhahabu ya Sofala, huko Msumbiji, ilipita hapa; sarafu ya Sultani al-Hasan imeokotwa hadi kwenye magofu ya Great Zimbabwe. Mengine usibuni. Wengine wamesoma kuliko sisi na watakunyamazia tu.

Watoto wakataze mapema kuuza vigae na shanga za ufukweni. Ni mali ya kale, sheria inakataza. Wauze maembe na madafu.

Songo Mnara usiwauzie wewe. Ni mbali, na kushuka kule kunategemea maji. Ukikosea saa mnatembea topeni kwenye mikoko. Mwachie nahodha mwenye mashine nzima na maboya ya watu wote, na katika kusi kali ya Juni hadi Agosti aondoke alfajiri kabla upepo haujasimama.

Sasa kalenda, na hapa ndipo wengi wanapogombana majumbani. Wageni huja zaidi Juni hadi Oktoba. Miezi hiyohiyo mwanzoni ufuta unavunwa na kuuzwa, na mwishoni korosho zinaanza kuanguka. Mimi na shemeji yangu tumegawana: yeye yuko shambani ng'ambo, mimi niko jikoni, na siku isiyo na simu ya nahodha nakwenda mwambani kama kawaida, pweza namuuza kwa mchuuzi. Masika, Machi hadi Mei, usingoje mtu. Ezeka banda, palilia muhogo, safisha kisima, na namba za manahodha wote wa gatini ziandike ukutani, si kwenye simu peke yake.