Kununua IST, Vitz au Passo Dodoma: anzia kwenye rejeta

Mimi ni fundi, na wateja wengi huniletea gari wakiwa wameshalipa. Wewe kama hela bado iko mfukoni, twende pole pole.

1. Chagua injini kwanza, rimu baadaye. Passo na Vitz ndogo nyingi zina injini ya cc 996, pistoni tatu. Mafuta hazili sana, ila ukipakia watu wanne na AC juu, kilima cha UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) utakipanda kwa adabu. IST ya cc 1298 inakula zaidi kidogo, lakini ina nguvu na spea zake zimejaa.

2. Nenda asubuhi, muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Shika boneti. Ikiwa ya moto, jiulize kwa nini. Ikiwa baridi (na baridi tu, usije ukaungua), fungua rejeta. Ukikuta coolant (maji maalumu ya kupoza injini) ya kijani au nyekundu, vizuri. Ukikuta maji ya kahawia, shtuka: maji yetu ya visima yana chumvi, na humo ndani huacha magamba yanayoziba mirija. Joto la Oktoba likikukuta kwenye foleni, injini inachemka, silinda hedi inapinda, na hapo hela ya IST inageuka hela ya fundi. Fungua na kifuniko cha oili. Ukiona uteute wa rangi ya chai ya maziwa, aga uondoke.

3. Sasa washa. Weka AC, subiri feni izunguke. Moshi wa bluu maana yake inaunguza oili. Kisha ingia njia ya vumbi, vioo juu, redio kimya. Milio ya ko-ko-ko chini ni bushi au shokapu. Hiyo si sababu ya kukimbia, ni sababu ya kushusha bei.

4. Kadi ya gari. Iwe halisi, si kopi. Linganisha namba ya chesisi na iliyopo kwenye gari, angalia madeni ya faini za trafiki, andikishaneni kwa wakili. Lipa mwenye jina kwenye kadi. Dalali ana chake, mpe pembeni. Kubadilisha jina TRA usiahirishe.

5. Bakiza hela ya oili, coolant na filta ya hewa. Vumbi la hapa halisubiri ratiba ya kitabu. Matairi nayo yasome ubavuni: 2319 maana yake yametengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019, hata kama yanang'aa kwa kupakwa dawa.