Msaili Anapouliza Kama Anaweza Kuwasiliana na Mwajiri Wako wa Zamani

Swali hili aghalabu huja mwishoni mwa usaili, wakati mtu ameanza kukusanya vyeti vyake akidhani mambo yamekwisha, na pengine ndiyo maana huwakuta wengi hawajajiandaa. Msaili anaomba ridhaa yako, lakini pia anatazama unavyolipokea ombi hilo. Anayesita, akaangalia pembeni, kisha akasema kwamba "huyo bosi ana mambo yake", huwa amekwisha kujibu swali jingine ambalo hakuulizwa.

Kwa mwajiri uliyeachana naye kwa amani, jibu ni ndiyo, wala halihitaji maelezo. Taja aliyekusimamia, cheo chake na namba yake ya simu, ukiwa umehakikisha siku chache kabla kwamba namba hiyo inapatikana.

Ugumu huanza kwa mwajiri wa sasa ambaye hajui kwamba unatafuta kazi kwingine. Hapo unayo sababu halali ya kuomba asipigiwe, na wasaili wenye uzoefu huielewa, ila neno "hapana" lisiachwe peke yake, kwa kuwa huzaa shaka. Unaweza kusema: "Mwajiri wangu wa sasa bado hajajua kwamba nimeomba nafasi hii, hivyo ningeomba msimpigie kwa sasa. Mkifikia hatua ya kunipa ofa, nitamjulisha mwenyewe kisha mwasiliane naye. Kwa leo ninaweza kuwapa mawasiliano ya meneja wangu wa awali, aliyenisimamia kwa miaka mitatu." Jibu hilo lina sababu, lina wakati ambao kizuizi kitaondoka, na lina mtu mwingine wa kuulizwa. Ikiwa swali liko kwenye fomu yenye visanduku viwili tu, weka alama kwenye "hapana" na uandike pembeni "baada ya ofa ya kazi". Jambo moja hapa halina mzaha: ofa ikiwa imewekewa sharti la kupokea kwanza taarifa kukuhusu kutoka kwa waajiri wako, usiwasilishe barua ya kuacha kazi hadi uthibitishiwe kwa maandishi kwamba sharti hilo limetimizwa.

Kwa aliyeachishwa kazi au aliyeondoka kwa ugomvi, inafaa kujua kwanza kinachoulizwa kwenye simu hizo. Mara nyingi ni tarehe za kuanza na kuacha kazi, cheo, sababu ya kuondoka, na kama mwajiri angekubali kukuajiri tena. Kampuni nyingi zimeiagiza idara ya rasilimali watu ithibitishe tarehe na cheo tu, kwa kuogopa kushtakiwa. Hofu hiyo ina msingi, kwani mwaka 1994, katika kesi ya Spring dhidi ya Guardian Assurance, majaji wa ngazi ya juu kabisa nchini Uingereza waliamua kwamba mwajiri anayeandika taarifa kumhusu mfanyakazi wake wa zamani ana wajibu wa kuwa mwangalifu, na anaweza kudaiwa fidia akizembea. Hata hivyo, usijifiche nyuma ya utaratibu huo, maana msaili anaweza kumpigia moja kwa moja msimamizi wako wa zamani, naye akazungumza asivyopaswa.

Kwa hiyo sema wewe kwanza, na useme kwa ufupi. "Niliachishwa kazi mwaka wa pili baada ya kushindwa kufikia malengo ya mauzo kwa robo mbili mfululizo. Baadaye nilihamia kampuni nyingine, kitengo cha huduma kwa wateja, ambako nimefanya kazi hadi sasa." Sentensi mbili zinatosha, ya tatu huelekea kuwa lawama kwa bosi, na hapo ndipo ulimi huponza kichwa. Njia ambayo wengi hawaitumii, nami naona ndiyo bora, ni kuipigia simu idara ya rasilimali watu ya kazi ya zamani na kuuliza kwa adabu watasema nini wakiulizwa habari zako. Ukishajua, maelezo yako na yao hayatapishana.

Na kupishana huko huanzia kwenye mambo madogo zaidi ya ugomvi. Wasifu wako unasema uliondoka mwezi Mei, kumbukumbu za ofisi zinasema Machi, kwa sababu wewe ulihesabu siku za likizo na wao hawakuzihesabu. Anayepokea majibu hajui habari za likizo. Anachokiona ni mtu aliyejiongezea miezi miwili. Linganisha tarehe zote na cheti cha utumishi, barua ya ajira na hati za mshahara kabla ya kutuma maombi. Nyaraka hizohizo zitakufaa pia ikiwa kampuni imefungwa na hakuna wa kupokea simu. Ziambatanishe na jina la mfanyakazi mwenzako wa ngazi ya juu aliyekuwapo wakati huo.

Wadhamini wako, yaani watu uliowataja waulizwe habari zako, nao wasishtukizwe. Ukitoka kwenye usaili, waandikie siku hiyohiyo ukiwatajia jina la taasisi, nafasi uliyoomba na jina la anayeweza kuwapigia, na uwatumie tangazo la kazi pamoja na wasifu uleule uliouwasilisha, kwa sababu mtu aliyekusimamia miaka minne iliyopita anaweza kuwa amesahau hata cheo ulichokuwa nacho.