Kukata shamba la ekari 5 liwe mtaa, nje ya Nakuru

Tangu Nakuru ipewe hadhi ya jiji Desemba 2021, simu zinazonijia mimi mpima ardhi kutoka Njoro, Rongai na Bahati huanza na swali lile lile: "Savea, hapa zitatoka ploti ngapi?" Hilo ni swali la hatua ya tatu. Anza hivi.

1. Tembea shambani mvua ikinyesha

Vaa gambuti, nenda. Sehemu kubwa ya udongo wetu ni majivu ya volkano. Maji yakijipenyeza chini kwa chini, ardhi hupasuka au kudidimia. Mtafute mzee aliyelima hapo miaka mingi, umuulize maji ya El Niño ya 1997 yalipita wapi na ni shimo gani limewahi kufukiwa. Akikuonyesha, piga kigingi. Hapo patakuwa mfereji au miti, hata kama kuna mnunuzi amekuja na pesa mkononi.

2. Maji safi na maji taka, kwa pamoja

Uliza kampuni ya maji bomba kubwa limefika wapi. Kama ni mbali, utachimba kisima, na hapo pima floridi kabla ya kumwahidi mtu chochote. Visima vingi vya Bonde la Ufa huzidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Meno ya kahawia ya watoto wetu yametoka huko.

Maji taka nayo yataingia kwenye septiki, yaani tangi la chini ya ardhi, maana bomba la jiji halifiki. Mimi huacha mita 30 kati ya septiki na kisima. Mita 30 ni kama futi 100, yaani urefu mzima wa ploti ya futi 50 kwa 100. Kila mtu akichimba kisima chake, lazima kiwe karibu na choo cha jirani. Kwa hiyo kisima ni kimoja, upande wa juu, kwa wote.

3. Sasa chora

Tuseme shamba ni futi 330 kwa 660, na barabara ya umma inapita upande mrefu. Ukigawanya eneo lote kwa futi za mraba 5,000 za ploti moja unapata ploti 43, na hiyo ndiyo hesabu ya madalali. Safu ya kwanza itazame barabara ya umma, ya pili iipe mgongo. Kisha barabara ya ndani ya futi 30, halafu safu ya tatu. Kata njia ya futi 30 kupitia safu mbili za kwanza ili barabara ya ndani itokee nje. Zinabaki ploti 12, 12 na 13. Toa mbili za pembeni, safu ya tatu, ziwe za kisima. Jumla 35.

Mwenye shamba atanuna. Muonyeshe kipande kinachobaki kando ya ile njia, futi 30 kwa 200: hapo panatosha mfereji na tangi.

Barabara ya futi 30 ni mita 9 hivi, na sishuki hapo tena. Nikiwa mgeni wa kazi nilikubali mita 6. Nyumba zilipojaa, eksosta, lori la kunyonya maji taka, ilishindwa kupiga kona, watu wakawa wanachota kwa ndoo usiku. Bado nikipita huko natazama upande mwingine.

4. Karatasi

Mpangaji aliyesajiliwa apeleke mchoro kaunti upate kibali, kama inavyotakiwa na sheria ya mipango ya 2019. Kwa ardhi ya kilimo, mauzo bila idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi ni batili. Ombi liende ndani ya miezi 6 tangu mkataba. Mwenzi wa ndoa ashirikishwe mapema.

5. Bikoni, kisha greda

Siku ya kupiga bikoni, yaani alama za mipaka, waite majirani wote wa mpakani wajionee. Halafu fungua barabara kwa greda kabla ya kuuza ploti ya kwanza. Ukiiacha kwenye ramani tu, msimu ujao utakuta mahindi yamefika kiunoni, na mwenye mahindi atataka fidia.